Mimi, Holo na Chanjo ya Mapafu

Siku tuliyomzika Holo, watu walinipa pole nyingi kuliko nilizostahili. Walikuja akina mama wa kanisani, wakaja wa chama cha kuzikana, kila mmoja ananishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole mayu, pole mama, umefiwa na mwenzio." Nikawa najibu kwamba nimeshapoa, kichwa chini, huku moyoni nahesabu ni wangapi wamempa pole mume wetu kabla yangu. Mume wetu, Mzee Maduhu, alikaa chini ya turubai akilia waziwazi mbele ya wakwe na majirani, kamasi zinamtoka hajali, nami nikajiuliza kama siku yangu ikifika atalia hivi. Mtu wa umri wangu, mke mkubwa, wajukuu wananizunguka, nasimama kwenye msiba wa mke mdogo na kumwonea wivu maiti. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu mwaka ninaotaka kuusimulia haueleweki bila wivu huo.

Wiki mbili baada ya mazishi simu ililia. Alikuwa Sista Zuhura, muuguzi kutoka Tanga, yule aliyekuwa akituchoma sindano za utafiti pale Bariadi. "Shikamoo Bi Minza. Jumatano mnaitwa. Wanafungua siri sasa, kila mtu ataambiwa alikuwa anachomwa nini, chanjo yenyewe au maji." Nikamuuliza, na marehemu je? Akasema, "Ya marehemu ataambiwa mumewe. Mje pamoja." Niliiweka simu juu ya ungo wa michembe, viazi vyangu vilivyokuwa vinakauka juani, nikakaa chini palepale. Miaka minne nilikuwa naisubiri Jumatano hiyo. Nilikuwa nimepanga hata sura nitakayoweka Holo akiambiwa yake na mimi nikiambiwa yangu. Sasa Holo hayupo, na sura niliyoipanga sina pa kuipeleka.

Shule niliishia darasa la nne, lakini majina sisahau, wala sisahau nani alisema nini na alikuwa amekaa wapi. Ugonjwa alianza nao Holo. Alikohoa tangu wakati wa palizi mpaka pamba ikapasuka, akapimwa kifua kikuu hana, akapewa dawa za nimonia hazikusaidia. Mimi nilipoanza kukohoa miezi mitano baadaye, wifi yangu Kwandu, ambaye ni dada yake Maduhu, alisema mbele ya watu tukiwa tunapukuchua mahindi, "Minza naye! Hata kikohozi cha mwenzake anakitaka." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, halafu nikatema kitu kwenye kitambaa, nikakifunua, ikawa damu. Hakuna aliyecheka tena. Tulipelekwa Mwanza wote wawili kwa gari moja, tukapigwa picha kwenye mashine moja, na majibu yakatoka siku moja: saratani ya mapafu, yeye upande wa kulia, mimi wa kushoto. Daktari akauliza kama tunavuta sigara. Holo akamwambia, "Sigara tumeivutia wapi, daktari? Sisi tumevuta mabua ya pamba." Yule kijana hakuelewa, ikabidi nimweleze. Kwetu kuni zilikwisha zamani. Tunapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe makavu, na mimi na Holo tulipika katika jiko moja lisilo na dirisha miaka kumi na tisa, kabla Maduhu hajamjengea la kwake. Akasema moshi wa namna hiyo unaweza kuchangia, lakini hawezi kuapa. Aliandika kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nafikiri kwamba Holo ndiye aliyejibiwa kwanza, ingawa aliyeeleza vizuri ni mimi.

Tiba ya kwanza ilikuwa ya mionzi na dripu. Tulipanga chumba karibu na hospitali, kitanda kimoja cha futi tano, ndoo moja ya kutapikia. Wanawake ambao maisha yao yote waligawiwa zamu za mume ili wasikutane, sasa wanalala mgongo kwa mgongo na kugombania shuka. Nywele zikatoka zote. Kumbe kichwa changu kina bonde katikati, sikulijua hadi siku ile. Chake kilitoka cha mviringo, kinang'aa, hata yule mama muuza uji wa getini akamwambia, "Bibi, umependeza!" Kapendeza! Ana kansa, hana nywele, anatembea ameshika ukuta, na bado kapendeza. Siku hiyo sikunywa uji. Nilimwambia Holo tumbo limekataa, na yeye, bila kujua au kwa kujua, akakimaliza kikombe changu.

Picha za mwisho zilionyesha ugonjwa umenywea kwa wote wawili. Ndipo tukaitwa kwenye mkutano Bariadi, katika chumba walichopewa watu wa utafiti pale hospitali, tukamkuta Daktari Elinami, mtu mrefu wa Upare, mpole, anayependa kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Akaivua. "Dawa mlizopewa zimeupiga ugonjwa ukalala. Sasa tunajaribu chanjo. Siyo ya kuzuia, kama ile ya watoto. Hii inaufundisha mwili wako mwenyewe uitambue kansa ikitaka kuamka, uipige. Kama inafanya kazi kweli, hatujui, ndiyo maana tunaijaribu. Nusu yenu mtachomwa chanjo, nusu mtachomwa maji ya chumvi, mara moja kwa mwezi, mwaka mzima. Vichupa vinafanana, vina namba tu. Kompyuta ndiyo itakayochagua. Mimi sitajua, Sista hatajua, na ninyi hamtajua mpaka mwisho. Asiyetaka anaruhusiwa kuondoka, na matibabu yake ya kawaida yataendelea."

Hapo Maduhu akasimama, kofia mkononi. Alitusindikiza tu, hakuulizwa. "Mwangaluka, daktari." Daktari naye, mtu wa Upare, akaitikia Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Maduhu akaendelea. "Mimi nina wagonjwa wawili humu. Mke mkubwa ni yule, mke mdogo ni yule pale. Nyumbani kwangu kila kitu nagawa sawa. Khanga nanunua mbili za rangi moja. Mbuzi nikichinja, nampasua kwenye uti wa mgongo, upande huu jiko hili, upande huu jiko lile, na mbuzi wa pili nabadilisha pande. Sasa wewe unaniambia mmoja anaweza kupata dawa na mwingine maji. Nyumba hiyo haitakalika. Naomba hivi: chukua kichupa cha huyu na cha huyu, uvichanganye, uwachome nusu nusu." Chumba kizima kikacheka. Mzee Gamaya, mgonjwa mwenzetu kutoka Mwandoya, mwenye meno manne na mdomo wa watu kumi, akadakia, "Na sisi wenye mke mmoja, tuchanganywe na nani?" Daktari hakucheka. Alimweleza Maduhu taratibu kwamba akichanganya hatajua kilichosaidia ni nini, na kompyuta haijui nani ni mke wa nani. Maduhu akakaa, akavaa kofia. "Basi hiyo kompyuta haijaoa." Watu walicheka tena. Mimi sikucheka, kwa sababu Maduhu alikuwa amesema lile lililonikaa kooni. Mmoja wetu atapata na mwingine atakosa, na mimi nilikuwa sijawahi kushinda kitu kwa Holo tangu alipoingia kwenye mji wetu akiwa na miaka kumi na tisa na shingo ndefu.

Chumba kile nakijua kuliko jiko langu. Dirisha moja lenye wavu, friji ndogo yenye kufuli, mabenchi mawili yanayotazamana, na saa ya ukutani iliyokuwa ikitangulia dakika saba. Ukishachomwa unakaa saa nzima utazamwe usije ukaanguka. Sista Zuhura alikuwa anatupikia chai ya kwao, ya iliki na tangawizi, na mimi nilikuwa nikipeleka matobolwa, viazi vyetu vya kuchemsha vilivyokauka, ambavyo yeye alivila kwa adabu na kuvimeza kwa shida. Mzee Gamaya alileta karanga. Mama Ngolo wa Malampaka alileta habari. Tulitakiwa tusipekue nani kapata nini, na kazi yetu ikawa ni kupekua. Tulipapasana mikono kama watu wanaochagua maparachichi sokoni. "Wako umekuwa mgumu?" "Kidogo." "Hebu. Ah, huo ni mfupa." Mama Ngolo alisema yeye akichomwa tu anasikia chumvi mdomoni, kwa hiyo yake ni maji. Gamaya akamwambia, "Mama, hizo ni karanga zangu." Zuhura alitukemea, "Bibi zangu, babu zangu, mtaniharibia kazi!" lakini na yeye nilimwona akitazama mikono yetu.

Baada ya sindano ya pili, mkono wa Holo ulivimba. Tulipofika nyumbani ulikuwa umewaka mwekundu kutoka begani hadi karibu na kiwiko, na asubuhi akaamka na homa, anatetemeka ndani ya blanketi mbili. Zuhura kwa simu akasema alale, anywe maji, ikizidi aletwe. Haikuzidi. Mimi niliutazama mkono wangu, ulikuwa mkono tu. Niliuminya, nikauchapa, nikalala juu yake, haukutoa kitu. Maduhu akachinja jogoo. Majirani wakaja kumwona Holo, na kila aliyetoka mle ndani alinitazama kwa huruma, kwa sababu habari ilikuwa imeshaenea: mke mdogo ndiye aliyepata. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nachuma mlenda nyuma ya jiko lake, nikasikia sauti ya Maduhu ikitoka dirishani, sauti ya chini ambayo kwangu hakuitumia tangu tuko vijana. "Nyamaza, usiogope. Homa hiyo ni dawa inapigana. Nilijua ni wewe." Nilijua ni wewe. Nilimwaga mlenda wote chini. Nikauokota jani moja moja, nikaupika, nikampelekea na ugali wake, nikamwambia ale apate nguvu.

Nimewahi kumwonea Holo wivu wa mambo mengi. Wa redio aliyoletewa na kaka yake, wa watoto wake waliofaulu, wa shingo. Wivu wa namna hiyo unakaa nao, unapika nao, unalala nao, siku moja unakuta umepungua wenyewe. Huu haukuwa hivyo. Huu ulikuwa wivu wa pumzi. Nilianza kumhesabia. Akibeba ndoo kutoka kisimani nilihesabu anapumzika mara ngapi. Akila nilitazama matonge. Akicheka bila kukohoa, nilihisi kama kicheko kile kimetolewa kwenye kifua changu. Kama yeye alikuwa na dawa, mimi nilikuwa na maji, na mwenye maji atakufa, na atakayebaki katika mji ule, akila pande zote mbili za mbuzi, ni yeye. Nilikuwa nawaza hivyo nikisonga ugali, nikifua, nikisali. Nilipokuwa kijana nisingeweza kuamini kwamba mtu mwenye mvi anaweza kuwaka namna ile.

Ua wetu ni wa minyaa, kama wa kila mji kule kwetu, na kila mtoto anajua utomvu wake unaunguza. Jumapili moja asubuhi, wengine wakiwa wanajiandaa kwenda kanisani, nilikwenda nyuma ya zizi, nikavunja tawi, maziwa yakatiririka, nikajipaka pale sindano inapochomwa. Kufikia saa sita mkono ulikuwa umetoa malengelenge. Nilifurahi. Nilikwenda mbele ya Maduhu nikauweka mkono chini ya macho yake kama mtu anayeonyesha kitambulisho. "Tazama. Na mimi." Akautazama, akavuta pua. "Ahaa. Sawa, na wewe." Basi. Holo alichinjiwa jogoo, mimi nilichemshiwa mayai mawili.

Wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya sindano. Zuhura alinipandisha mkono wa gauni, akaruka. "Bi Minza! Umefanyaje?"

"Ni sindano."

"Sindano ya mwezi uliopita, ichemke leo?"

Akamwita daktari. Daktari Elinami akavaa glavu, akaugeuza mkono huku na huku karibu na dirisha, akavua miwani. Nilipoiona inavuliwa nilijua. "Mama Minza, sijawahi kuona ngozi ikifanya hivi kwenye utafiti huu. Tukiwa na mashaka tunasimamisha. Leo hutachomwa. Nitaandika taarifa, na inawezekana wakakutoa kabisa, kwa usalama wako." Huenda kichupa changu kilikuwa cha maji, lakini huenda hakikuwa, na sasa hata hiyo huenda nilikuwa naipoteza kwa mkono wangu mwenyewe. Ningefungua mdomo, ningeonekana mwongo mbele ya Gamaya na Mama Ngolo na yule mwanamke. Ningefunga, ningetolewa. Nikafunga. Nawaambia ukweli, niliona afadhali kufa kuliko Holo ajue. Zuhura alikuwa ameshachukua kalamu.

"Daktari, huo ni utomvu wa minyaa," akasema Holo kutoka kwenye benchi.

Hata Gamaya aliacha kutafuna.

"Wa nini?" daktari akauliza.

"Minyaa. Ule mti wa ua. Nilimwona Jumapili amevunja tawi nyuma ya zizi anajipaka. Nikadhani anatibu upele." Akanitazama. "Kumbe upele wenyewe ni mimi."

Gamaya alipasuka kwa kicheko, Mama Ngolo akajifunika khanga usoni, mabega yanamcheza. Daktari alingoja wakanyamaza. "Ni kweli, mama?" Nikasema ni kweli. Hakunifokea, ningependa angefoka. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yake karibu na yangu. "Ningeandika kwamba chanjo inaunguza ngozi. Huenda wangeisimamisha. Mtu wa Kigoma, mtu wa Mbeya, mtu ambaye hata hajaanza kuugua, angeikosa kwa sababu ya tawi lako." Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mkono wangu unafika Kigoma. Nilichomwa wiki mbili baadaye, mkono wa pili, ngozi ilipopona, na tangu siku hiyo Zuhura alinikagua mikono yote miwili kama mtoto wa shule.

Siku ile ya aibu tulishuka barabarani tukatembea kwenda nyumbani, mashamba ya pamba meupe pande zote, watu wanavuna, wanatusalimia, "Mwadila bamayu!" nasi tunaitikia kama watu wasio na jambo. Walipobaki nyuma nikamwambia, "Umeniaibisha."

"Nimekuaibisha."

"Mbele ya Gamaya."

"Gamaya ana meno manne, dada. Aibu yake itakutafuna siku ngapi?"

"Kwa nini hukuniacha nitolewe? Ubaki na dawa yako, ubaki na mji wako."

Akasimama kupumua, mkono kiunoni. Na mimi nikasimama, maana pumzi zetu zilikuwa zinaishia mahali pamoja. "Ukifa wewe," akasema, "nitabaki na Maduhu peke yangu siku saba za wiki. Wewe mwenyewe unamjua."

Nilicheka. Sikutaka, nilikuwa nimekasirika hadi meno yanauma, lakini nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, na yeye akanipiga mgongoni kwa kiganja, tap, tap, kama tulivyofundishwa Mwanza. Na hata hapo, nimeinama kwenye tuta la mtu, mkono wake mgongoni, niliona wivu, na huu ulikuwa mbaya kuliko wote. Niliona wivu kwamba ni yeye aliyesema. Ingekuwa kinyume, yeye amejipaka na mimi nimemwona, ningekaa kimya kwenye lile benchi nikinywa chai. Hilo nalijua. Na kwa jinsi alivyonitazama, na yeye alilijua.

Mwaka ulikwisha kwa soda na picha ya pamoja. Hatukuacha kuchukiana siku moja, msidhani. Aliendelea kupiga redio yake kwa nguvu nikiwa nasali, nami niliendelea kumpelekea nsansa zenye mchanga, yale majani ya kunde niliyokausha bila kupepeta. Lakini siku za kwenda Bariadi alinisubiri kwenye njia panda, nami sikumwacha. Miaka miwili akawa mzima. Nikasema, si niliwaambia? Ni yeye. Halafu akaanza kulalamika nyonga, tukadhani ni uzee, na picha ikaonyesha ugonjwa umeamka na kuingia kwenye mfupa. Binti zake walikuwa wakipishana kuja na kuondoka, wana kazi zao mjini, kwa hiyo kumwogesha ikawa kazi yangu. Nilikuwa namwosha taratibu, na kila mara nikifika kwenye ule mkono uliowahi kuvimba, kitambaa kinasita. Siku moja akasema, macho amefumba, "Dada, bado unautazama?"

"Nautazama."

"Kama ni mimi niliyepata, utafurahi au utasikitika?"

Nilikamua kitambaa. Kumdanganya mtu aliye uchi mikononi mwako ni kazi ngumu. Akasema, "Ningekuwa wewe, na mimi nisingejua." Akafa kabla ya mvua za kupandia, na Maduhu akalia kama nilivyosema.

Jumatano tulikwenda wawili, mimi na Maduhu. Kwenye benchi walikuwepo wachache. Mama Ngolo hakuwepo, na sikuuliza. Watu waliingia mmoja mmoja. Gamaya alitoka amenyoosha mikono juu, "Maji! Mwaka mzima wamenichoma maji, na mimi huyu hapa!" akicheka, halafu akakaa ghafla na kufuta macho. Nikaitwa mimi. Daktari Elinami ameota mvi. Alivua miwani, akasoma karatasi, akaisoma tena ili asikosee. "Mama Minza, ulipata chanjo. Sindano zako zote kumi na mbili."

Nitaandika nilichofikiri, maana nimeshaandika mengine. Nilifikiri: nimemshinda. Kutoka kwenye kile kiti hadi mlangoni ni hatua sita, na hatua hizo sita nilitembea kama bibi harusi. Nilimpita Maduhu akiingia kuchukua ya Holo, sikumtazama, niliogopa kutabasamu. Nikakaa kwenye benchi nikajiona mimi ndiye niliyejulikana, mimi ndiye niliyechaguliwa na ile kompyuta isiyojua shingo ya mtu. Maduhu akatoka, kofia mkononi, akasimama mbele yangu.

"Wewe?"

"Ya kweli."

"Na yeye," akasema.

"Na yeye nini?"

"Ya kweli. Zote kumi na mbili. Sawasawa na wewe."

Nilitafuta wa kumwonea wivu, sikumpata. Nilipekua kichwani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mwaka mzima nilimhesabia matonge mtu aliyekuwa na kile kile nilichokuwa nacho. Nilijiunguza mkono ili nifanane na mtu niliyekuwa nimeshafanana naye. Na alipofungua mdomo kwenye benchi lile, alichoniokolea hakikuwa maji. Nikainuka, nikarudi ndani bila kuitwa. "Daktari, moshi mmoja, mume mmoja, dawa moja. Kwa nini yeye?"

"Sijui, mama." Hakukwepesha macho. "Wapo waliopata chanjo wakafariki, wapo waliopata maji wako hai. Hesabu ya wote haijakamilika. Lakini damu yako na damu ya marehemu bado tunazo Mwanza, kwenye friji, za mwaka ule wote. Tungependa kuziweka pamoja tuzipime tena, tuone mwili wako ulifanya nini ambacho wake haukufanya, au wake ulifanya nini ambacho wako haukufanya. Ila mpaka mkubali. Wewe kwa yako, mzee kwa ya mkewe."

Zuhura akatoa karatasi mbili na kiboksi cha wino wa kuwekea dole gumba. Katika mji wetu mke mkubwa huanza. Huanza kugawiwa shamba, huanza kunawa, huanza kuingia, na mwaka ule wote nilianza mimi kuchomwa na Holo akafuata. Zuhura, ambaye alikuwa ameshatuzoea, akavuta karatasi yangu. "Nianze na yako, Bi mkubwa?"

"Anza na ya Holo," nikasema.

Ilinichoma kulisema, sitawaficha. Maduhu akageuka kunitazama kama amesikia sauti ya mtu mwingine. Kidole chake alikiacha hewani juu ya wino, nikakishika mimi, nikakigandamiza kwenye kiboksi, nikakipeleka kwenye mstari ulioandikwa jina la Holo, nikangoja alama ikolee. Ndipo nikaomba kalamu nitie sahihi yangu.